Maji Hushuka Ngazi: Namna ya Kubana na Kutumia Tena Maji ya Nyumbani Wakati wa Ukame

Mwulize mtu maji ya nyumbani kwake yanaishia wapi, naye ataanza na yale anayoyaona kwa macho: ya kunywa, ya kupikia na ya kuoshea vyombo. Ndiyo maana tangazo la ukame linapotoka, hapo ndipo anapoanza kubana. Anasuuza sahani mara moja badala ya mbili na kumkaripia mtoto aliyejaza bilauri akaacha nusu. Huku nyuma, tangi la choo lenye ujazo wa lita 9 linamwaga maji yake yote kila linapovutwa, na hakuna anayelitazama kwa sababu mfuniko wake hufunguliwa siku ya fundi tu. Mtu mmoja akivuta choo cha namna hiyo mara 5 kwa siku, lita 45 zimekwenda, wakati kunywa na kupika kwa mtu huyohuyo hakuzidi sana lita 10. Amebana palipo na kidogo, akaachia palipo na kingi.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni kosa la hesabu. La pili ni gumu zaidi kulitambua kwa kuwa linafanana na uangalifu. Mtu hukusanya maji ya kufulia kwenye pipa, akayaweka siku tatu au nne ili lisipotee hata tone, kisha akayamwagilia mboga za majani zinazoliwa mbichi, au akayamimina ndani ya tangi la choo. Nia ni njema, lakini maji anayoyatumia siku ya nne si yale aliyoyakusanya siku ya kwanza.

Ili kuyaepuka makosa yote mawili, inafaa kuyatazama maji ya nyumbani kama kitu kinachoshuka ngazi. Kwenye kipago cha juu yapo maji safi ya kunywa na kupikia. Chini yake yapo yaliyofanya kazi nyepesi, kama kuoshea matunda, pamoja na yale ya baridi yanayotangulia kutoka bombani kabla maji ya moto hayajafika bafuni. Hufuata ya kuogea, ya kunawia na ya kufulia, kisha ya jikoni yenye mafuta na mabaki ya chakula, na mwisho kabisa ya chooni, ambayo hayana tena kazi ndani ya nyumba. Kila kazi huyashusha maji kipago kimoja au zaidi. Kubana ni kuyachelewesha juu ya ngazi. Kuyatumia tena ni kuhakikisha kwamba hayaruki kipago chenye kazi yanaposhuka. Kuyapandisha ni jambo la namna nyingine kabisa, na nitalieleza mahali pake.

Swali linalotangulia yote ni kiasi gani kinatosha, na majibu yaliyopo yanatofautiana kwa sababu yanajibu maswali tofauti. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada katika dharura, huweka lita 15 kwa mtu kwa siku kama kima cha chini cha kunywa, kupika na usafi wa msingi. Mji wa Cape Town, ulipokuwa ukikaribia kufunga mabomba, uliwataka wakazi wake kuanzia tarehe 1 Februari 2018 wasizidi lita 50 kwa mtu kwa siku, na mpango ulikuwa kwamba mabomba yakifungwa kweli, kila mtu angepanga foleni na kupewa lita 25. Melbourne, mji wa Australia, katika ukame wake mrefu, iliwahimiza wakazi tangu mwishoni mwa mwaka 2008 wasivuke lita 155. Takwimu hizi tatu hazipingani. Ya kwanza ni ya kuishi, ya pili ni ya kuvuka kipindi kigumu bila kuacha kutumia choo cha maji na kuoga kidogo, na ya tatu ni ya nyumba inayoishi kama kawaida lakini kwa nidhamu. Mwenye nyumba atafaidika akijua yeye yuko wapi kati ya ngazi hizo, na njia ya kujua ni kusoma dira ya maji saa ileile kwa siku saba, kugawa tofauti kwa saba, kisha kugawa tena kwa idadi ya watu. Ni kazi ya dakika moja kwa siku, na ni nadra kwa mtu kuifanya bila kushangazwa na jibu.

Wapo wanaosema, na hawasemi bila msingi, kwamba juhudi za nyumbani ni tone baharini, kwa kuwa takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayochotwa duniani huenda kwenye kilimo. Takwimu ni ya kweli, ila haitoshi kuhitimisha hivyo. Maji hayagawanywi kutoka bwawa moja la dunia nzima. Kila mji una bwawa lake, mto wake au visima vyake, na katika mifumo mingi ya miji watumiaji wakubwa ni nyumba zenyewe. Cape Town ilishusha matumizi kutoka takriban lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa mwaka 2015 hadi karibu lita milioni 500 mwaka 2018. Haikuwa kazi ya nyumba peke yake, kwa maana msukumo wa maji mabombani ulipunguzwa na bei ikapandishwa, lakini bila nyumba hesabu hiyo isingefikiwa, na mabwawa yasingedumu hadi mvua za katikati ya mwaka 2018.

Pa kuanzia basi ni maji yanayopotea bila kumfaa mtu, yaani ya uvujaji, kwa sababu kuyaokoa hakumnyimi yeyote raha. Kutega kikombe chini ya koki inayodondoka ni kipimo rahisi kuliko chochote kinachouzwa. Kikombe cha mililita 250 kikijaa kwa dakika 20, koki hiyo inamwaga lita 18 kwa siku, zaidi ya kiwango kizima cha dharura cha mtu mmoja, na kwa mwezi ni zaidi ya lita 500. Mara nyingi ugonjwa ni raba ndogo iliyochakaa ndani ya koki, na kuikaza kwa nguvu zaidi kila siku huimaliza upesi. Choo ni kibaya zaidi kwa kuwa huvuja kimya: raba iliyo chini ya tangi isipokaa sawasawa, maji huteremka ukutani mwa bakuli kama utando mwembamba ambao jicho halioni. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, ukae dakika 20 bila kulivuta, kisha uchungulie bakuli. Rangi ikionekana, choo kinavuja, na uvujaji wa namna hiyo unaweza kufikia mamia ya lita kwa siku. Kwa nyumba nzima, funga koki zote usiku, soma dira, uisome tena alfajiri kabla mtu hajaamka. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanatoka, huenda hata chini ya ardhi.

Baada ya uvujaji inakuja hesabu ya muda. Koki ya kawaida iliyofunguliwa hutoa kati ya lita 6 na 10 kwa dakika, na bomba la mvua la bafuni lisilopunguzwa msukumo hutoa 10 au zaidi, kwa hiyo mtu anayeoga dakika 8 ametumia lita 80 bila kujihisi mbadhirifu. Akioga kwa ndoo anatakata vilevile kwa lita 15. Wenye bomba la mvua wasiotaka kuliacha wanaweza kulowa, kulifunga wakati wa kujipaka sabuni, na kulifungua tena wakati wa kujisuuza. Muda wa maji kutiririka hushuka hadi dakika 2 au 3. Vyombo hali kadhalika: sahani zilizopanguswa mabaki na kulowekwa kwanza husafishwa kwa beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ilhali sahani zilezile zikisuguliwa moja moja chini ya koki inayomwaga zinaweza kumeza ndoo tano.

Choo kinahitaji akili zaidi. Matangi ya zamani huchukua lita 9 hadi 13, ya kisasa lita 6, na yale yenye vitufe viwili huvuta lita 3 hivi kwa haja ndogo. Anayebaki na tangi la zamani anaweza kutumbukiza chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, akiiweka mbali na boya na mnyororo. Kila mvuto unapungua kwa ujazo wa chupa hiyo. Asitumie tofali, kwa sababu humeguka, na chembe zake hukaa chini ya raba na kuzaa uvujaji uleule tuliokuwa tunaukimbia. Asizidishe chupa pia, maana choo kinachohitaji kuvutwa mara mbili hakijaokoa kitu.

Kuna mahali ambapo ubanaji haupaswi kufika. Katika nyumba nyingi zinazoingia kwenye mgao mkali, kitu cha kwanza kuachwa kimyakimya ni kunawa mikono, na hapo ukame hugeuka kuwa kuhara. Kusugua mikono kwa sabuni sekunde 20 hakuhitaji maji yanayotiririka. Kunahitaji maji kidogo ya kulowanisha na kidogo ya kusuuzia. Kibuyu chirizi, yaani dumu lililotobolewa karibu na shingo na kuning'inizwa ili liinamishwe kwa kamba inayokanyagwa, hukamilisha kazi hiyo kwa maji yasiyojaza bilauri, na mkono mchafu haushiki koki. Kunywa nako kusipunguzwe, hasa kwa watoto, wazee na wanaonyonyesha, kwa sababu kinachookolewa hapo ni kidogo mno kulinganisha na madhara yake.

Sasa tushuke ngazi. Tuchukue siku ya kufua kwa mkono katika nyumba yenye beseni tatu: moja ya kufulia na mbili za kusuuzia. Nguo nyeupe zisizochafuka sana hutangulia, kisha za rangi, kisha za kazi na matambara, zote katika maji yaleyale ya sabuni mpaka yanapokuwa meusi. Maji ya kusuuzia ya mwisho, ambayo kwa kweli ni karibu safi, hayamwagwi. Ndiyo yanayotiwa sabuni na kuwa maji ya kufulia ya mzunguko unaofuata. Beseni iliyokuwa ya kusuuzia kwanza inakwenda kudeki sakafu. Maji meusi ya sabuni yanakwenda chooni kwa ndoo. Hivyo lita 20 zilizoingia juu zimefanya kazi tatu au nne kabla ya kutoka nje ya nyumba, na hakuna kazi hata moja iliyopewa maji machafu kuliko inavyostahimili. Wenye mashine ya kufulia wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuelekeza mpira wa kutolea maji kwenye pipa, wakitenga maji ya mzunguko wa mwisho na yale ya mwanzo.

Hata hivyo si kila maji ya kufulia yamo kwenye kipago kimoja. Yaliyofulia nepi, au nguo na mashuka ya mgonjwa wa kuhara au kutapika, yahesabiwe kuwa maji ya chooni na yaende huko moja kwa moja. Maji ya jikoni yenye mafuta nayo hayafai kuwekwa pamoja na ya kuogea, kwa sababu mafuta huganda, huziba chujio na mipira, na huoza kwa harufu ya haraka. Utengano huu ndio msingi wa kila kitu kinachofuata: ndoo moja ya maji ya jikoni ikimwagwa ndani ya pipa la maji ya kuogea, pipa zima limeshuka kipago.

Kinachowashinda wengi ni muda. Maji ya kuogea yanapotoka mwilini yana joto, sabuni, mafuta ya ngozi, nywele na bakteria wachache. Kwa bakteria hicho ni chakula kilichoandaliwa mezani, nao huongezeka kwa kasi katika siku moja au mbili za mwanzo. Wanapokula hutumia hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Ikiisha, wanaochukua zamu ni wale wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wanaotoa harufu ya yai bovu. Ndiyo maana kanuni inayorudiwa katika miongozo mingi ni kwamba maji ya sabuni yasikae zaidi ya saa 24. Anayetaka akiba akusanye maji safi. Maji yaliyotumika hayawekwi akiba, yanapitishwa tu kuelekea kazi inayofuata. Jambo hili huwakera watu wenye mapipa makubwa, nami naelewa kwa nini, lakini pipa kubwa la maji ya sabuni ni shimo dogo la majitaka lililowekwa juu ya ardhi.

Kazi inayoyapokea maji hayo kwa wepesi zaidi ni kuvuta choo, nayo ina ufundi wake. Maji yasitiwe ndani ya tangi, kwa sababu utelezi wa sabuni na nyuzi za nguo huharibu raba na boya, na katika mifumo isiyo na kizuizi cha maji kurudi nyuma, msukumo ukishuka barabarani upo uwezekano wa uchafu kuvutwa kuelekea bomba la maji safi. Yamiminwe ndani ya bakuli lenyewe. Mmiminiko wa polepole hauvuti kitu. Maji hupanda kidogo, yakateremka, na kilichokuwamo kikabaki. Lita 5 au 6 zikimwagwa kwa mkupuo mmoja kutoka usawa wa kiuno, zikilengwa kwenye tundu, hujaza kona ya bomba iliyopinda ghafla kiasi cha kuvuta kila kitu kwa sauti ileile ya siku zote. Kisha mimina kidogo taratibu ili kona hiyo ibaki na maji, maana maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia harufu na wadudu wasipande kutoka bomba la nje.

Haja ndogo inaweza kungoja mvuto mmoja kwa mara kadhaa, ikiwa wenye nyumba wamekubaliana. Haja kubwa isingoje. Tena isisahaulike kwamba bomba la majitaka lilipimwa likitarajia maji fulani ya kusukuma uchafu hadi barabarani. Yakipungua mno kwa wiki nyingi, karatasi na vitu vigumu hukwama njiani. Ndoo moja kubwa ya maji ya kufulia ikimwagwa kwa mkupuo kila siku mbili tatu husafisha njia, na karatasi zikitupwa kwenye kapu lenye mfuniko bomba linapumua.

Kazi ya pili ni bustani, na hapa ndipo ninapodhani maelezo mengi yanayosambazwa huwa mepesi mno. Husemwa tu kwamba sabuni ni mbaya kwa mimea, au kwamba haina neno. Ukweli unategemea sabuni yenyewe, udongo na muda. Sabuni ya mche ni chumvi ya sodiamu iliyotokana na mafuta, na sabuni nyingi za unga huwa na sodiamu zaidi kwa sababu hujazwa chumvi nyingine za sodiamu ili kuongeza wingi na kulainisha maji. Mmea unaweza kustahimili kiasi fulani. Udongo wa mfinyanzi ndio unaoumia kwanza: chembe zake hushikamana katika mabonge madogo kwa msaada wa kalisi, na sodiamu inapoingia kuchukua nafasi ya kalisi, mabonge husambaratika na kuwa vumbi laini linaloziba vinyweleo. Dalili zake ni rahisi kuziona. Uso wa kitalu huwa mgumu na kung'aa ukikauka, maji yakimwagwa husimama juu badala ya kuzama, na mwenye bustani, akidhani mmea una kiu, huongeza maji yaleyale yaliyoleta tatizo. Udongo wa kichanga hustahimili zaidi kwa kuwa maji hupita upesi na kuondoka na chumvi.

Pamoja na sodiamu upo ukali wa magadi. Maji ya sabuni ya unga mara nyingi huwa na magadi mengi, na mimea inayopenda udongo wenye uchachu huanza kuwa na majani ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni kimeshindwa kuyeyuka na kufika mizizini. Boroni, inayopatikana katika baadhi ya sabuni na viongezi vya kufulia, ni hatari ya pekee: mmea huihitaji kwa kiasi kidogo mno, na kikizidi kidogo tu ncha za majani huungua. Dawa za klorini za kung'arisha nguo huua vijidudu vya udongo vinavyooza majani na kulisha mizizi. Kwa hiyo katika kipindi cha ukame uchaguzi wa sabuni ni sehemu ya kubana maji. Sabuni ya maji kwa kawaida ina sodiamu kidogo kuliko ya unga, na siku ya kutumia dawa ya klorini maji yake yapelekwe chooni, si kitaluni.

Namna ya kumwagilia ina uzito uleule. Maji yaliyotumika yamwagwe chini, kwenye shina, kupitia matandazo ya majani makavu au nyasi, na kamwe yasirushwe kwa mpira wala kunyunyizwa juu ya majani, ili vijidudu visipeperuke hewani wala kubaki kwenye kitu kitakacholiwa. Miti ya matunda, maua na vichaka ndivyo vinavyofaa kuyapokea. Mboga za majani zinazoliwa mbichi, na mazao ya mizizi ambayo sehemu yake inayoliwa hukaa ndani ya udongo uliolowa, yapewe maji ya kipago cha juu zaidi, kama ya kuoshea matunda au yaliyochemshia chakula bila chumvi na kupoa. Zungusha mahali pa kumwagia, ili kitalu kimoja kisibebe sabuni ya nyumba nzima, na mwagilia jioni au alfajiri, jua lisiyanyanyue maji kabla hayajazama. Maji yakianza kutuama, kiasi kimezidi uwezo wa udongo, na kilichobaki kiende chooni.

Hapa huibuka swali ambalo husikika ukame unapokuwa mkali: je, maji ya kuogea yakichujwa na kuchemshwa hayanyweki? Hayanyweki. Kuchemsha hadi yatokote kwa dakika moja, au dakika 3 katika maeneo ya juu sana yanayozidi mita 2,000, huua vijidudu. Hakuondoi sabuni, chumvi wala dawa, bali huzikoleza kadiri mvuke unavyoondoka. Kuyaanika katika chupa angavu juani kwa saa 6 kuna ukomo uleule, na tena kunahitaji maji yasiyo na ukungu. Maji machafu yanaweza kweli kupandishwa hadi kipago cha juu: Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukigeuza majitaka kuwa maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Lakini hufanya hivyo kwa hatua nyingi zinazofuatana, kila moja ikikamata kilichoponyoka katika iliyotangulia, na kwa upimaji usiokoma wa maabara. Jikoni hakuna kitu cha kulinganishwa na hicho. Hata vichujio vya nyumbani vinavyosukuma maji kwenye utando mwembamba havisaidii katika ukame kama inavyodhaniwa, kwa sababu kwa kila lita vinayoitoa, mara nyingi humwaga lita kadhaa pembeni. Aliye nacho na ategee ndoo kwenye mpira huo wa pembeni; maji yake yana chumvi kuliko ya bombani, lakini hayana sabuni, na yanafaa kwa kudeki na chooni.

Akiba ya maji safi nayo ina mitego. Mgao unapoanza, mabomba hubaki bila msukumo kwa saa nyingi, na maji ya ardhini pamoja na uchafu hupenya kupitia nyufa kuingia ndani. Maji yanaporudi hutanguliwa na hewa, kutu na chochote kilichoingia. Usiyanywe yale ya mwanzo wala usiyamwage: yajaze kwenye ndoo ya choo hadi yanapotoka meupe. Maji ya kunywa yawekwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, mfuniko na ikiwezekana koki, maana kinachoyachafua zaidi majumbani ni kikombe na mkono unaotumbukia. Mapipa na matangi yafunikwe yasiache upenyo wa mbu, kwani katika joto mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Mbu wa homa ya dengi hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakusaidii. Ukuta wa ndani usuguliwe kila wiki kwa brashi.

Mvua ya kwanza ikija, milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata milimita 10 hupokea lita 500, na baada ya kurushwa na kupotea hapa na pale hubaki kama 400. Lita 50 za mwanzo zimeosha vumbi na kinyesi cha ndege cha msimu mzima. Hizo zishuke moja kwa moja hadi kipago cha choo, na tangi lianze kupokea zinazofuata. Usiyatege yote, hata hivyo. Kitalu kilichokunywa maji ya sabuni miezi mitatu kinaihitaji mvua hiyo ili sodiamu izame chini ya mizizi, lakini maji ya mvua peke yake, yasiyo na chumvi yoyote, yanaweza kuutawanya zaidi udongo wa mfinyanzi ulioshiba sodiamu. Mawingu yanapokusanyika, nyunyiza jasi, yaani unga wa madini yenye kalisi, juu ya kitalu na kuitifua kidogo: kalisi yake itakamata nafasi ya sodiamu kwenye chembe za udongo, na mvua itapata cha kuondoka nacho.